Mwaka wa Ukuta wa Karshada

Kwetu mwaka hauna namba. Mwaka una jina, na jina hutoka ikulu likaja na mashua. Mwaka ambao mfalme alimtengenezea Shamash, mungu wa jua, kiti cha dhahabu. Mwaka ambao mfalme alichimba mfereji fulani. Karani huliandika jina hilo chini ya kila kibao cha udongo, na ukitaka kujua mwanao ana miaka mingapi unahesabu kwa vidole: kiti, mfereji, mafuriko, kiti kingine. Jina likichelewa tunaandika "mwaka unaofuata ule wa kiti", tunasubiri.

Mwaka ninaousimulia, jina lilichelewa miezi kumi. Sisi tulikuwa tunasubiri, lakini mambo hayakusubiri. Mwezi wa pili mto ulipanda ukachukua shayiri ya mashamba ya chini. Mwezi wa nne nzige wakaja wakala ile ya mashamba ya juu, kwa hiyo hakuna aliyepata sababu ya kumwonea mwenzake wivu. Punda wa mfinyanzi alizaa mapacha. Kuhani wetu alianguka kutoka kwenye ngazi za hekalu akiwa amebeba sadaka, akafa, sadaka haikumwagika. Mabinti watatu waliolewa siku moja na mmoja akarudi kwao siku ya pili. Mwezi wa nane nilimzika mama mkwe.

Nilimzika chini ya sakafu ya chumba cha ndani, kama tunavyozika wote. Hapo alikuwepo tayari baba mkwe, na mume wangu Ibbiya, na wanetu wawili waliokufa kabla ya kuota meno. Kila mwisho wa mwezi, mwezi ukishapotea angani, namwaga maji baridi kwenye bomba la udongo linaloingia sakafuni, naweka mkate, nawaita kwa majina mmoja mmoja. Aliyekufa asipoitwa wala kupewa maji hana pa kukaa. Atazurura nje na kunywa ya mitaroni. Mimi sina mtoto aliye hai. Nilichokuwa nacho ni ile sakafu na watu watano walio chini yake, na kazi ya kuwanywesha ilikuwa yangu mimi peke yangu.

Nimesema peke yangu, ingawa baba mkwe alikuwa na mtoto mwingine wa kiume. Huyo ni shemeji yangu Apilsha, mkuu wa mji. Alikuwa na shughuli nyingi.

Jina la mwaka lilikuja siku ya mvua, katika mwezi wa kumi, wakati wa baridi. Tarishi alisimama gatini amejifunika mkeka, akapaza sauti:

"Sikieni watu wa Karshada! Huu ni mwaka ambao mfalme, kipenzi cha miungu, aliujenga ukuta mkubwa wa Karshada!"

Mvua ilinyesha. Jirani yangu Lamasa, mpika pombe, mwanamke asiyeweza kuzuia ulimi hata hekaluni, ndiye aliyeuliza.

"Ukuta wa wapi, baba?"

"Wa Karshada."

"Karshada hii?"

"Kwani ipo nyingine?"

"Ndiyo nauliza. Maana kama ipo nyingine, wapeni hongera zetu."

Watu walicheka, wengine wakageuka kuangalia nyuma, huenda ukuta ulikuwa umekuja bila wao kuuona. Mji wetu hauna ukuta. Una lango. Baba mkwe, alipokuwa yeye mkuu wa mji, alianza na lango kwa sababu wazee wanaoamua kesi lazima wakae langoni, ndiyo desturi, na ukuta ungefuata. Basi lango limesimama peke yake kwenye uwanja, nguzo mbili na mlango wa mbao, watu wanapita pembeni. Mimi hupita langoni, kwa heshima. Mbuzi hupita popote.

Tarishi hakuona la kucheka. Alimkabidhi Apilsha barua ndani ya ganda lake la udongo, akasema mkaguzi wa mfalme, bwana Gimilu, atafika baada ya siku ishirini, na kigingi cha udongo chenye maandishi ya mfalme, akipigilie ukutani.

"Furaha iliyoje," alisema Apilsha, kwa sura ya mtu aliyemeza mwiba wa samaki.

Siku hiyohiyo langoni ikajulikana ukuta ulivyojengwa. Miaka mitatu nyuma liwali alikuwa ameleta shayiri ya kuwalisha wajenzi. Kila mwaka aliandika kuuliza ukuta unaendeleaje. Na kila mwaka Apilsha alimwambia Etelpi, karani wetu, ajibu vizuri.

"Uliandika nini?" wazee walimuuliza Etelpi.

"Niliandika kama inavyoandikwa," alisema Etelpi. "Mji ni mzima, watu ni wazima, mifugo ni mizima. Nikaongeza, ukuta ni mzima."

"Lakini ukuta haupo!"

"Ile ilikuwa salamu, wazee wangu. Mkubwa akikuuliza hali, utaanza na kidonda? Barua yenyewe ilikuwa inakuja chini yake."

"Na chini yake uliandika nini?"

Etelpi aliangalia miguu yake. "Udongo uliisha."

Hatukuweza hata kumlaumu sana. Nani kati yetu ameulizwa hali akajibu kweli? Lakini ikulu walisoma salamu, wakaona ukuta ni mzima, na mfalme mwaka huo hakuwa na kiti kipya wala mfereji. Sasa kuanzia baharini hadi milimani, kila mtu aliyeoa, aliyeuza shamba au kuasili mtoto alikuwa anaandika chini ya kibao jina la ukuta wetu.

Asubuhi ya pili Apilsha alikuja kwangu na Etelpi nyuma yake. Hakuwa ameingia nyumba ile tangu tumzike mama yake. Alikaa, akasifu mkate wangu kabla hajauonja.

"Shemeji Taribatu," alisema, "mji umekukumbuka."

"Mji una kumbukumbu nzuri ukiwa na shida," nilisema.

"Ukuta lazima uonekane kutoka mtoni. Kati ya gati na lango. Na kati ya gati na lango kuna nini?"

"Kuna mimi."

"Kuna nyumba hii. Na si mahali tu, shemeji. Matofali. Mwezi huu ukifyatua tofali asubuhi, jioni unarudi unakuta uji. Tunahitaji matofali yaliyokauka zamani. Nyumba ya baba ina matofali bora mjini."

"Na walio chini?"

Alikunja uso kwa huzuni, na nadhani huzuni ilikuwa ya kweli, maana Apilsha si mtu mbaya, ni mtu mwenye shughuli. "Tutawahamisha kwa heshima zote. Baba ataelewa. Baba alikuwa mtu wa maendeleo."

"Utawahamishia wapi? Kwako?"

"Kwangu bado ninajenga juu," alisema haraka. "Chini kuna magunia."

"Utamfukua mama yako ambaye hata miezi mitatu hajamaliza."

"Shemeji, mfalme amesema."

"Amesema nini? Nipe hiyo barua."

"Hiki si kibao cha mapishi."

"Nipe."

Baba yangu alikuwa karani wa ghala la hekalu. Alinipeleka shule ya vibao miaka mitatu, akaona kwa mtoto wa kike yatosha. Alikuwa sahihi, ilitosha. Niliisoma barua mara mbili, kidole kikifuata mstari, Etelpi akinichungulia begani kuona kama nitakosea. Ilitaja mfalme na sifa zake, mistari tisa. Ilitaja kigingi. Ilitaja ukuta mkubwa. Mkubwa kiasi gani, haikusema. Urefu haukutajwa, wala upana, wala kwamba uzunguke chochote.

Niliirudisha. Nilimwambia nitajibu langoni mbele ya watu. Aliondoka bila kula mkate aliousifu, na mimi nilikwenda chumba cha ndani nikapiga magoti. Nilimwomba Shamash, anayeona kila kitu mchana kutwa, anisaidie niongee bila kutetemeka, na kama nitadanganya, iwe uongo mdogo.

Langoni kesho yake walikuwepo karibu watu wote. Mwanamke huongea pale akiitwa kutoa ushahidi tu, kwa hiyo nilisema nimekuja kutoa ushahidi.

"Ushahidi wa nini?" aliuliza Apilsha.

"Kwamba ukuta upo."

Watu waligeuka tena kuangalia nyuma.

"Ukisimama kwenye mashua katikati ya mto," nilisema, "unaona nini? Unaona mgongo wa nyumba yangu. Hauna dirisha, hauna mlango, unene wake mkono mzima. Umetazama mto tangu kabla sijaolewa. Ukipandishwa juu mara mbili, ukakandikwa vizuri, ukaunganishwa na lango, nani atasema si ukuta? Barua haikutaja urefu. Muulizeni Etelpi."

Etelpi alisema ni kweli, haikutaja.

"Ukibomoa nyumba," niliendelea, "utapata matofali, lakini utakuwa na siku kumi na nane kuyapanga upya kwenye matope. Ukiiacha, nusu ya kazi imeshafanyika."

Wanaume waliangalia mvua, wakaangalia mikono yao, na niliona wameanza kuwa upande wangu. Si kwa ajili ya wafu wangu. Ni kwa ajili ya migongo yao.

"Na matofali ya kupandisha?" aliuliza Apilsha. "Yatatoka wapi?"

"Yapo yaliyokauka vizuri," Lamasa alisema kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kumsikia nayo kabla wala baadaye. "Ghorofani kwako, mkuu. Yale uliyojenga miaka hii mitatu. Tena wajenzi walishiba kweli, nakumbuka."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa bora wangecheka. Kila mtu alijua ile shayiri ya liwali ilikwenda wapi, na hakuna aliyekuwa amewahi kuisema langoni.

Apilsha aliangalia huku na huku. "Mji ukihitaji," alisema mwisho, "mimi ni nani nikatae?" Na watu wakamshangilia kwa ukarimu wake, kwa muda mrefu kuliko ilivyolazimu.

Tukajenga. Ghorofa ya Apilsha ilishuka tofali kwa tofali ikapanda mgongoni kwangu. Mvua ya mungu Adad ilinyesha kila siku ya pili. Tulichokandika asubuhi kiliteleza mchana, tukakandika tena juu yake kwa udongo uliochanganywa na makapi, tukatandika mikeka, tukapaka lami juu. Mke wa Apilsha alisimama chini ya mvua akionyesha kila tofali lililokuwa la chumba chake cha kulala. Kufika siku ya kumi na tisa tulikuwa na ukuta wa hatua arobaini, kuanzia gatini hadi langoni, mrefu kwenda juu kuliko kitu chochote mjini. Kwa nyuma palikuwa na ua wangu, kuku, na tanuri. Ukitembea hatua arobaini na moja, unaingia mjini bila kumwomba mtu ruhusa.

Bwana Gimilu alifika mchana. Alikuwa mtu mnene, mwenye mafua, miguu imefungwa ngozi ya kondoo. Mpango wa Apilsha ulikuwa aone ukuta kutoka kwenye mashua, apewe pombe, apigilie kigingi chake, aondoke. Mimi nilikuwa uani nikioka, maana niliambiwa nisionekane. Niliwasikia kupitia lango.

"Mkuu wa mji," alisema Gimilu, "mbona ukuta wako unatoa moshi?"

Apilsha hakukawia. "Askari wa zamu, bwana. Wanapika."

"Wanapika mkate wa ufuta?"

"Ni askari wa hapahapa, bwana."

"Niwaone."

Akaja. Alipita langoni, peke yake kati ya wageni wote niliowahi kuwaona, na akajikuta uani kwangu kati ya kuku wanne. Alinitazama mimi, akatazama tanuri, akatazama mlango wa nyumba na ukuta ulioota juu yake. Nyuma yake Apilsha alikuwa akinifanyia ishara kwa mikono yote miwili, lakini hata yeye nadhani hakujua zilikuwa na maana gani.

"Wewe ndiye askari?" aliuliza Gimilu.

"Mimi ni Taribatu, mjane wa Ibbiya. Karibu mkate, bwana."

Alikaa kwenye kinu changu akala wa kwanza kimya. Wa pili alikula akiangalia juu.

"Mama, unakaa ndani ya ukuta wa mfalme?"

Niliomba uongo mdogo, lakini ulipofika wakati sikuuhitaji. "Nakaa humu tangu niolewe."

"Una upana gani?"

"Vyumba vitatu, bwana."

"Na urefu?"

"Umeuona wote."

Apilsha alitoa sauti kama ya mtu anayekanyagwa. Gimilu alipenga kamasi, akafikiri. Kisha akatoa kibao kwenye mfuko wake wa ngozi, kilichokwisha kuokwa, chenye muhuri. Nilisoma mistari ya juu kabla hajakigeuza: nimeuona ukuta mkubwa wa Karshada, umekamilika, ni kama mlima.

"Hiki niliandika kabla sijaondoka nyumbani," alisema. "Udongo ukilowa njiani haushiki maandishi. Sasa niambie wewe, mama, unayeonekana una akili. Mwaka huu watu wangapi wameoana, wakaandika jina la ukuta huu?"

"Wengi, bwana."

"Nikirudi nikasema ukuta haupo, wataniuliza, basi huu ni mwaka gani? Nitawajibu nini? Kwamba hatumo katika mwaka wowote? Mimi mwenyewe nimemwoza binti yangu mwezi uliopita, na huyo mume akipata upenyo mdogo tu ataturudishia." Alikung'uta makombo. "Nimeona kuta nyingi. Wako una mkate mzuri. Leteni nyundo."

Alichagua mahali pake mwenyewe, kwenye chumba cha ndani, ambako mvua haitafika kwenye maandishi. Aliingia kwa kuinama. Aliona bomba sakafuni, akalizunguka bila kuuliza, na hapo nikajua kwamba naye ana wafu wake mahali. Akapigilia kigingi ukutani kwa mapigo matatu, akasoma kwa sauti ya pua iliyoziba:

"Atakayetoa hata tofali moja katika ukuta huu, au atakayebomoa nyuma yake au mbele yake, Shamash amkatie uzao, Adad amnyime mvua, na jina lake lisiitwe na mtu yeyote milele."

Kabla hajapanda mashua alimwagiza Apilsha, mbele ya watu, kwamba mkuu wa mji ataukagua ukuta kila mwisho wa mwezi, yeye mwenyewe, asitume mtu.

Siku tatu baadaye Apilsha alikuja mchana, amelowa. Nyumba yake ilikuwa wazi juu na mvua ilikuwa imewafuata hadi chini kwenye magunia.

"Shemeji," alisema, "mashua imekwenda. Yale matofali ya juu kabisa, safu mbili tu. Nani atajua?"

Nilimpeleka chumba cha ndani, nikamwonyesha kigingi.

"Sijui kusoma, unajua."

"Nitakusomea."

Nilisoma taratibu. Kwenye uzao alitikisa kichwa, wanawe ni wakubwa. Kwenye mvua alicheka kidogo, akaonyesha nguo zake. Nilipofika kwenye jina lisiitwe, nilisoma mara mbili, na hakucheka. Aliomba nisome tena, nikasoma.

Mwisho wa mwezi alirudi kukagua, kwa agizo la mkaguzi, akiwa na fimbo ya kupimia. Nilikuwa nimeshaweka mkate na mtungi wa maji baridi. Sikumwambia aingie wala asiingie. Alipima ukuta kwa ndani, akapima tena, akakosa cha kupima. Mwisho akachukua mtungi mkononi mwangu, akamwaga, akamwita baba yake, akamwita mama yake, kisha akanirudishia mtungi, ikabidi niwaite mimi waliobaki. Tulikula mkate tumekaa sakafuni.

"Nyumba hii," alisema, akipapasa ukuta kwa kiganja, "haitabomolewa tena. Mfalme akija mwingine, adui akija, nani atathubutu? Kwangu mimi hata juu hakuna. Watoto wangu wakiuza, mnunuzi atafukua." Alivunja kipande cha mkate, hakukila. "Shemeji, humu ndani... nafasi bado ipo?"

Nilimwambia nitaangalia. Ipo, pembeni pale karibu na mlango, mtu wa mwili wake anaenea bila shida. Lakini sikuona sababu ya kumfurahisha siku hiyohiyo.